Paa la jakuzi ya Mama

8 Februari

Leo nimeanza kuandika, kwa sababu mradi huu umeshanipotezea pesa mara moja na sitaki inipate tena. Jakuzi, beseni kubwa la maji ya moto lenye pampu, iko uani tangu Oktoba, imekaa juu ya zege tulilomwaga wenyewe. Kilichobaki ni paa. Tunaishi kitongoji cha kaskazini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, ambako usiku wa kawaida wa Januari hushuka kupita nyuzi 10 za Selsiasi chini ya sifuri. Paa hapa si urembo.

Jakuzi tumeinunua kwa ajili ya Mama. Alitoka Tanga miaka mitatu iliyopita na magoti yaliyokwisha choka, na baridi ya huku ikayamalizia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimshauri akae kwenye maji ya moto kiasi, kama dakika 15 kila mara. Daktari wake akakubali, mradi maji yasizidi nyuzi 38. Mashine yenyewe inaweza kufika 40, ndipo kikomo chake. Siku ya kwanza alipoingia alinyamaza muda mrefu, macho kafumba, kisha akasema, "Mwanangu, leo magoti yamenisahau." Kwa neno hilo niko tayari kujenga chochote.

Novemba nilifanya kosa la kununua turubai la kukunjua, lenye miguu ya bomba jembamba. Theluji ya kwanza ilikuwa ile ya majimaji, nzito kama unga uliokandwa. Asubuhi nililikuta limelala juu ya mfuniko wa jakuzi, miguu imepinda kama mabua. Nashukuru hakukuwa na mtu ndani. Jirani yangu, mzee wa hapa hapa, alinikumbusha uwanja wa Metrodome wa mjini Minneapolis, uliokuwa na paa la kitambaa lililoinuliwa kwa hewa. Tarehe 12 Desemba 2010 lilichanika kwa uzito wa theluji, na theluji ikamwagika hadi katikati ya uwanja. Kama lile lilishindwa, turubai langu lingefanya nini?

15 Februari

Kabla ya kuchagua paa nilitaka kujua upepo unapitaje uani. Kila mtu anasema wakati wa baridi hutoka kaskazini magharibi, na ni kweli, lakini ukishafika kwenye kona ya nyumba unafanya mambo yake. Nikamwomba Mama chetezo chake. Tulitia makaa na ubani, nikakiweka juu ya mfuniko wa jakuzi, nikarudi nyuma kutazama.

Moshi ulipanda kama shubiri moja tu, ukavunjika, ukalala kuelekea mlango wa jikoni. Nilikihamisha chetezo mara nne. Upande wa ua wa jirani moshi ulisimama wima, umetulia kabisa. Upande wa kona ya nyumba ulizunguka kama maji yanayoingia kwenye tundu. Kwa hiyo ukuta wa kukinga upepo hauhitajiki pande zote, bali upande mmoja na nusu: kaskazini magharibi wote, na kipande kidogo karibu na kona. Mama alisimama dirishani akifurahi kuona ubani wake umepata kazi ya kihandisi.

1 Machi

Wiki mbili nimepitia kila aina ya kibanda kinachouzwa au kinachojengeka. Nitaandika nilivyoona.

Kiunzi cha mbao zilizopangwa juu kwa nafasi, kile cha kupandia maua yanayotambaa, kinapendeza kwenye picha. Theluji haikusanyiki sana juu yake, lakini nyingi inapita ikakuangukie kichwani. Kwa mtu anayetaka kivuli cha Julai kinafaa. Kwa Mama hakifai.

Kuba la plastiki ngumu linalosukumwa kufunika jakuzi nzima lilinivutia sana. Unakaa ndani, theluji inanyesha nje, unaiona. Tatizo ni mvuke. Nilikwenda kuliona kwa mtu anayelo: kuta zote zinalia maji, na hewa ya ndani nzito kiasi kwamba Mama, mwenye pumu kidogo, asingeiweza. Bei yake pia ingetosha kujenga mara mbili.

Kibanda kilichofungwa pande zote, kama stoo, nacho nilikiondoa kwa sababu hiyo hiyo ya mvuke. Maji ya moto yanapofunuliwa kwenye baridi hutoa mvuke bila kukoma. Mvuke huo ukigusa kitu baridi unageuka maji, na maji yakikaa kwenye mbao mwezi baada ya mwezi, mbao inaoza kutokea ndani, mahali usipopaona. Anayetaka kufunga pande zote lazima aweke feni ya kutoa hewa na zuio la mvuke ndani ya kuta. Huo ni ujenzi wa chumba.

Yamebaki mawili. La kwanza ni kibanda cha chuma kinachouzwa kimekatwa tayari, vipande ndani ya maboksi, futi 12 kwa 12, paa la bati, unafunga kwa bolti wikendi moja. La pili ni kujenga mwenyewe kwa mbao. Mke wangu anataka la kwanza kwa sababu anayajua mazoea yangu ya wikendi. Nami nilikuwa upande wake hadi nilipofungua kijitabu cha maelezo.

9 Machi

Hesabu ya theluji. Kanuni za ujenzi za Minnesota zinaligawa jimbo mara mbili: kaunti za kaskazini, theluji ya ardhini inahesabiwa pauni 60 kwa kila futi ya mraba, za kusini, pamoja na huku kwetu, pauni 50. Ya juu ya paa huchukuliwa asilimia 70 ya hiyo, maana yake kwetu ni pauni 35.

Kijitabu cha kibanda cha chuma, ukurasa wa mwisho, herufi ndogo: pauni 20.

Nikazidisha. Futi 12 kwa 12 ni futi za mraba 144. Mara 35 ni pauni 5,040, zaidi kidogo ya tani 2 na robo. Huo ni uzito wa gari kubwa la familia lililoegeshwa juu ya kichwa cha mama yangu. Hata kama miaka mingi theluji haifiki hapo, mji huu umeshapata inchi 28.4 katika dhoruba moja, ile iliyoanza Oktoba 31, 1991, kabla hata watu hawajatoa majembe ya theluji stoo. Nilimwonyesha mke wangu hesabu. Aliisoma mara mbili, akafunga ukurasa wa duka.

Tunajenga kwa mbao.

16 Machi

Nimempigia baba mdogo, Pangani. Ameezeka makuti maisha yake yote, nyumba za watu na hoteli za pwani. Nilimwamkia, tukaulizana hali, nikamweleza kwamba nataka paa la kumwaga upande mmoja, mteremko mdogo, kwa kuwa ni rahisi kujenga na mbao ni chache.

Hakuniuliza theluji ni nini, wala inaangukaje. Aliuliza, "Itakwenda wapi?"

Nikasema itateleza nyuma, kwenye uzio. Akauliza uzio uko mbali kiasi gani na mashine. Futi tatu. Akauliza theluji ikishajaa pale, inayofuata itakwenda wapi. Sikuwa na jibu. Akanieleza jambo analoliweka mbele ya mengine yote katika makuti: mteremko uwe mkali, kwa sababu makuti hayazuii maji kwa kuziba, yanazuia kwa kuyaharakisha yaondoke kabla hayajapenya. Na kabla ya kusimamisha mwamba wa kwanza unatembea chini, unaonyesha kwa kidole maji yatakapoangukia pande zote, na nani atapita pale.

Nimetoka nje baada ya simu nikafanya hivyo hivyo, na kidole, kwenye theluji inayofika vigimbini. Paa la upande mmoja lingemwaga ama kwenye uzio, ambako theluji ingejaa hadi kuifikia mashine, ama kwenye njia ya kutoka jikoni. Linalofaa ni la kumwaga pande mbili, mgongo wake ukielekea nyumba, ili theluji ianguke kushoto na kulia na njia ya katikati ibaki wazi. Mlango mdogo wa pampu nao ni bahati: uko upande unaotazama nyumba. Wenye jakuzi wataelewa furaha yangu. Pampu ikikataa kazi usiku wa nyuzi 25 chini ya sifuri, hutaki kuanza kuchimba ili uifikie, maana maji yakiganda kwenye mabomba umepoteza mashine.

23 Machi

Asubuhi hii Mama nusura aanguke.

Alikuwa anatoka kwenye maji, mimi namshika mkono. Kutoka jakuzi hadi mlango wa jikoni ni futi 10. Kwa mguu wangu hatua nne. Leo nilizihesabu za kwake: kumi na mbili. Maji yaliyomchuruzika juzi yalikuwa yameganda kwenye njia, na vumbi la theluji mpya limefunika barafu isionekane. Kandambili ya kushoto iliteleza, akanikamata shingoni. Tulisimama hivyo, tumekumbatiana kwenye baridi, hadi pumzi ikarudi. Alikuwa akitetemeka, na mimi pia.

Nimekaa na mchoro wangu usiku huu. Paa nililolichora, futi 12 kwa 12, linafunika jakuzi vizuri sana, kwa futi mbili na nusu kila upande. Limeacha futi saba na nusu za njia wazi. Yaani nimetumia miezi miwili kutafuta namna ya kukinga mashine ambayo ina mfuniko wake mnene na haisikii baridi, na sikumfikiria anayetembea amelowa kati ya mlango na maji. Nimeuchana mchoro.

Mpya: futi 12 kwa 18. Nyuma ya jakuzi zibaki futi mbili na nusu, kwa sababu mkono wa kuinulia mfuniko unahitaji kama futi mbili za kulazia. Mbele paa liendelee hadi karibu kabisa na ukuta wa nyumba.

14 Aprili

Ofisi ya ujenzi ya mji wetu. Hapa ndipo urefu ulipoleta gharama. Kibanda kinachosimama peke yake, kisichozidi futi za mraba 200, kanuni za jimbo hazikidai kibali cha ujenzi. Cha kwanza kingepita. Cha sasa kina futi 216, na zaidi ya hapo mji wetu unahesabu kitu kilichosogea nyumba kiasi hicho kuwa sehemu ya nyumba. Kibali, mchoro kamili, ukaguzi mara tatu, na misingi kufika chini ya kina cha barafu, yaani pale udongo unapoishia kuganda wakati wa baridi.

Kina cha barafu kwa nusu hii ya jimbo ni inchi 42. Kaskazini ni 60. Sababu yake inaeleweka ukiishi hapa mwaka mmoja: maji yaliyomo udongoni yakiganda yanavimba, na yanainua kila kilichokaa juu yake. Nguzo fupi itapanda Januari na kushuka Aprili, nyumba yenyewe imetulia, na paa lililo katikati litapasuka maungio.

Afisa alinieleza kwa upole kwamba nikifupisha paa naweza kuepuka yote hayo. Nilimshukuru, nikajaza fomu ya futi 18.

Jambo moja lilitusaidia. Ukuta wa nyumba ulio na mlango wa jikoni ni ule wa pembetatu, ambao paa la nyumba halimwagi. Kama mlango ungekuwa upande wa pili, theluji ya nyumba nzima ingekuwa inaporomoka juu ya kibanda chetu, na mbao ninazozijua mimi zisingetosha. Mwenye mlango upande wa mmwagiko na atafute njia nyingine kabisa.

30 Mei

Kibali kimetoka. Mkaguzi wa michoro alirudisha mara moja tu: alitaka boriti za pembeni ziwe mbili mbili za inchi 2 kwa 12 zilizobanwa pamoja, badala ya 2 kwa 10. Nguzo sita, inchi 6 kwa 6, mbao zilizotiwa dawa.

6 Juni

Kabla ya kuchimba popote Marekani unapiga 811, nao wanatuma watu kuonyesha kilichozikwa, bure. Uani kumejaa vibendera: vyekundu vya umeme, cha njano cha gesi, vya rangi ya chungwa vya simu na intaneti. Mama akauliza nani anaoa. Bomba la gesi limepita futi mbili tu kutoka mahali pa nguzo ya tatu. Nimekaa nikitazama kile kibendera cha njano kwa muda. Tumeisogeza nguzo.

14 Juni

Tumekodi mashine ya kutoboa ardhi. Binti yangu alishika pimamaji, shemeji yangu na mimi tukashika mashine, na mashine ikatushika sisi. Udongo wa huku una mawe ya mviringo yaliyoletwa na barafu ya kale. Shimo la nne lilitupa jiwe kama kichwa cha ng'ombe, ikabidi nilale kifudifudi nilitoe kwa mikono.

Mashimo sita, kila moja inchi 44, mbili za akiba. Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi ilikuwa visima sita. Mkaguzi hatazami shimo lenye maji, kwa hiyo tukayakomba kwa ndoo, tukatoa tope la chini, tukapima upya. Alipokuja aliteremsha futi yake ndani ya kila shimo, akaandika, akasaini. Zege lilimwagwa siku ile ile. Juu ya kila msingi tumezamisha chuma cha kukalia nguzo, ili mbao isiguse zege wala isinywe maji. Chuma hicho kina kazi ya pili: paa lisilo na kuta upepo huliinua kutoka chini, na uzito wa zege ndio unaolivuta libaki.

26 Julai

Nguzo, boriti, kenchi. Mteremko ni inchi 8 kwa kila inchi 12, mkali kuliko paa lolote mtaani hapa. Nilimtumia baba mdogo picha, akajibu kwa sauti, kicheko kirefu, halafu: "Sasa hilo ni paa."

Skrubu zote ni za chuma kisichoshika kutu. Zinauma mfukoni, lakini mvuke wa jakuzi unabeba dawa ya maji, klorini au bromini, na dawa hiyo inakula chuma cha kawaida kimya kimya. Ncha ya paa jipya imeingia chini ya ukingo wa paa la nyumba bila kugusana nalo. Mkono wangu unapita katikati.

20 Septemba

Jioni ya kwanza ya baridi kidogo, bati limeshafungwa, nikasema tujaribu. Nilifunua maji, nikakaa ndani peke yangu na tochi. Dakika ya tano nililiona: chini ya bati kumeota shanga za maji, mamia, zimejipanga. Zilikua, zikaungana, zikaanza kuteremka na mteremko. Zilizofika kwenye mbao za kupigilia bati zilisimama, zikanenepa, zikaanguka. Ya kwanza ilinipata utosini, baridi kama sindano.

Mteremko mkali haukusaidia hapa. Bati ni baridi kama anga, na mvuke unalifikia wazi. Nimevunjika moyo kidogo, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi Mama mwisho wa mwezi.

4 Oktoba

Dawa yake ni dari ya mbao, imefuata mteremko ule ule, na nafasi ya hewa kati yake na bati. Mbao haipoi haraka kama bati na inavumilia unyevu kidogo. Nimetumia mwerezi, ambao mafuta yake ya asili yanazuia kuoza, na nimeacha pembetatu za mbele na nyuma wazi juu ili mvuke utoke wenyewe. Nilidhani nitazifunga kwa urembo. Hapana, ndiyo mapafu ya kibanda.

Ukuta wa upepo umesimama pale ubani ulipoonyesha. Fundi umeme mwenye leseni amehamisha swichi ya kukatia umeme: inaonekana ukiwa kwenye jakuzi na iko zaidi ya futi 5 kutoka ukingo wa maji, kama kanuni inavyotaka. Taa ameziweka kwenye nguzo za njia. Juu ya maji hakuna kitu.

Nimejaribu tena usiku. Nimekaa dakika 40 na hakuna tone lililoanguka. Dari inanukia.

18 Oktoba

Ukaguzi wa mwisho umepita. Tumeweka kishikio cha mbao upande mmoja wa njia, kimo cha kiwiko cha Mama. Nilimsimamisha pale, nikapiga alama kwa penseli. Chini ya miguu ni mbao zenye mistari, na nyufa za kupitisha maji yanayomchuruzika.

29 Novemba

Imeanguka inchi saba tangu jana usiku. Saa kumi na mbili asubuhi nilitoka na jembe kwa mazoea. Kushoto na kulia kwa kibanda kuna vilima viwili vya theluji, vimefika kiunoni. Bati juu liko tupu. Nilipokuwa natazama kipande cha mwisho kikateleza, kikatua upande mmoja kwa mshindo mzito.

Njia ilikuwa kavu. Nikaliegemeza jembe ukutani.

Mama alitoka na khanga juu ya koti, mkono mmoja kwenye kishikio. Nilimpa mkono, akaukataa. Nilizihesabu hatua zake hadi ngazi ya jakuzi: zimekuwa tisa.

Nimebakiza kupaka mafuta dari na kununua thamometa mpya, ile ya zamani inasoma nyuzi moja chini.